Nataka kujitangaza mufilisi lakini naogopa kazi itaniponyoka

Shangazi shikamoo, na asalaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mzaliwa wa Amu (Lamu) lakini naishi Malindi tangu nilipomaliza kolegi, nina mke na watoto wawili. Nafanya kazi kwa hoteli moja ya watalii huku Casuarina, ni keshia na pia nasaidia stoo. Kontrakti yangu ni ya kudumu alhamdulillahi, manake wenzangu wengi ni wa msimu, kusi likianza mwezi wa nne hoteli ikipunguza watu wao wanaenda nyumbani mpaka wageni warudi, mimi nabaki.

Shida yangu ni madeni Shangazi. Nilichukua mkopo wa benki laki nne na themanini nikanunua mashua na injini ya kupeleka wageni marine park kuangalia samaki, nikaweka kijana wa kuiendesha, msimu wa kwanza ilienda vizuri sana kisha injini ikafa wakati wa kusi na hakuna mgeni hata mmoja. Nikachukua laki mbili za SACCO ya kazini nitengeneze injini, fundi akaifungua akaifunga haikupona, benki nayo yataka pesa yake kila mwezi, ndo nikaanza kuchukua za apu za mikopo kwa simu, apu hii nalipia apu ile mpaka sai ziko nne na sijalipa hata moja. Mshahara wangu ni elfu 42 lakini benki na SACCO wanakata juu kwa juu, ukitoa na makato ya serikali naenda nyumbani na elfu 9. Kodi ya nyumba peke yake ni 8.

Juzi hawa wa apu wamempigia bosi wa HR ati mwambie mfanyakazi wako mwizi alipe. Nilitaka ardhi ipasuke.

Jamaa mmoja ameniambia kuna njia ya kwenda kortini ujitangaze mufilisi na madeni yakafutwa. Mwingine akasema usijaribu, ukishatangazwa mufilisi Kenya hii huruhusiwi kuajiriwa popote, jina latoka gazetini na mwajiri anakufuta siku hiyo hiyo hasa ukiwa washika pesa. Kwa hivyo nimeandika barua ya kujiuzulu, iko kwa droo. Mpango wangu ni niache kazi kwa heshima kabla sijafukuzwa, kisha niende kortini, kisha nirudi Lamu, mjomba wangu ana gesti Shela na ameniahidi nitakuwa meneja. Hiyo ikishindikana kuna rafiki yuko Doha anasema kazi ziko. Mashua nimefikiria kuiandikisha jina la shemeji yangu isije ikachukuliwa. Na tena kaunti walitangaza kazi ya karani wa mapato, nimetuma maombi, lakini wanataka cheti cha CRB, kile cha rekodi ya mikopo.

Mke wangu anajua deni la benki tu. Wadhamini wangu wa SACCO ni wenzangu watatu hapo kazini.

Nauliza, nikijitangaza mufilisi nitafukuzwa? Na je niache kazi kwanza?

Mwenye Dhiki, Malindi

---

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Hiyo barua ya kujiuzulu usiipeleke. Nakuambia hivi mwanzo kabisa nisije nikaandika mambo mengi ukanisoma nusu kisha ukaenda ofisini kesho asubuhi na bahasha. Katika yote uliyonayo saa hii, hiyo kazi ya elfu 42 ndo kitu cha pekee kinachoweza kukutoa, na wewe ndo wataka kukitupa kwa kuogopa jambo ambalo sheria haisemi.

Hakuna sheria Kenya inayosema mufilisi asiajiriwe. Sheria inayosimamia mambo haya ni ile ya ufilisi ya 2015, iliyokuja kuondoa ile ya zamani ya wakati wa mkoloni, na ukiisoma utaona inamtarajia mufilisi awe na kazi, manake msimamizi wa ufilisi wako, yule anayekabidhiwa mali ya mufilisi, atataka kujua unafanya kazi wapi, mshahara ni kiasi gani, na ukibadilisha kazi lazima umwambie. Kama ingekuwa ni marufuku kuajiriwa angeuliza hayo yote ya nini? Kuna kazi ambazo mufilisi haruhusiwi, ndio, lakini ni chache na nitazitaja, na ukeshia wa hoteli haumo.

Sasa upande wa mwajiri. Sheria ya ajira ya 2007 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu, hawezi tu kuamka akasema wewe una madeni toka. Kifungu cha 41 kinasema akufahamishe kosa kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na una haki ya kuja na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 43 kinamwekea yeye mzigo wa kuthibitisha sababu, na cha 45 kinasema bila hayo kufutwa huko si kwa haki. Deni lako binafsi, ambalo halijagusa pesa ya hoteli, si utovu wa nidhamu. Akikufuta kwa hilo peke yake una kesi, unaenda kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu au mahakama ya kazi ambayo iko hapo hapo Malindi ndani ya miaka mitatu. Lakini sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sheria hiyo hiyo ya ajira ikitaja mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo, kama dini, kabila, jinsia, ulemavu na mengine, madeni haimo. Kwa hivyo ulinzi wako uko kwenye utaratibu na sababu ya haki. Ndo maana nakwambia toa kontrakti yako na kile kitabu cha kanuni za wafanyakazi usome kila mstari, utafute kama kuna mahali pamesema mfanyakazi anayeshika pesa aripoti akifilisika au akishtakiwa kwa deni. Mabenki na kampuni za bima huwa na vifungu hivyo, hoteli nyingi hazina, lakini soma. Kipo, utakifuata. Hakipo, basi usijiundie mwenyewe.

Ukiwa wa msimu ningekuambia mengine, manake kontrakti ya msimu ikiisha mwajiri anaweza tu kutoirudisha na kumshika ni kazi ngumu. Wewe ni wa kudumu. Ushike huo udumu kwa mikono miwili.

Hatari ya kweli ya kazi yako naiona mahali pengine kabisa, na naomba unisikilize kama mwanangu. Mtu mwenye deni anayeshika pesa za watu, siku hesabu ikipungua shilingi mia tano yeye ndo wa kwanza kuangaliwa, na sheria ya ajira inamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mtu anayeshukiwa kwa msingi wa maana kuwa ametenda kosa la jinai dhidi yake au mali yake. Sasa HR tayari wamepigiwa simu wakaambiwa wewe ni mwizi. Kwa hivyo kuanzia leo kila ukifunga zamu hesabu pesa mbele ya msimamizi wako wa kazini, andikeni, atie sahihi nawe utie, upige picha hiyo karatasi. Stoo vivyo hivyo. Na usikope, hata soda, kwa sapulaya yeyote anayeleta bidhaa hapo hotelini wala kwa mwenzako wa jikoni. Na ile "nitarudisha Ijumaa" kwenye droo ya pesa isikupite hata akilini, hiyo imeharibu vijana wazuri wengi wa mahoteli ya huku pwani na hawakuwa wezi, walikuwa na dhiki.

Hao wa apu nao wana sheria yao. Tangu 2022 Benki Kuu ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, zinawakataza kutisha, kutukana, kuaibisha na kupigia watu walioko kwenye simu yako. Andika tarehe na namba iliyopiga, muombe bosi wa HR akuandikie walichosema hata kama ni kwa meseji, kisha ulalamike Benki Kuu na pia kwa Kamishna wa Kulinda Data. Deni lako halitafutika kwa hilo lakini watashika adabu. Na hiyo nafasi ya kumuomba HR maandishi ndo nafasi yako ya kumweleza mwenyewe kwa kifupi, bosi nilikwama na biashara ya mashua, nashughulikia kwa njia ya sheria, kazini hesabu zangu ziko sawa na hizi hapa. Basi. Huhitaji kumpa historia yote. Ni afadhali aisikie kwako, manake ukitangazwa mufilisi kweli jina litachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, hilo rafiki yako hakukosea.

Njoo sasa kwenye peislipu yako, hapa nimekasirika kidogo, na si wewe niliyekukasirikia. Elfu 42 unaenda nyumbani na 9? Kifungu cha 19 cha sheria ya ajira kinasema makato yote kwa jumla yasipite thuluthi mbili za mshahara. Thuluthi ya 42 ni 14. Yaani kuna elfu 5 kila mwezi inayokatwa juu ya mpaka na mwenye kubanwa na sheria ni mwajiri wako, si wewe. Andika barua ya heshima kwa HR na nakala kwa benki na SACCO, uombe makato yarekebishwe yarudi ndani ya thuluthi mbili, hesabu ni ya makato yote, kodi ya mshahara (PAYE), akiba ya uzeeni (NSSF), bima ya afya (SHIF), ushuru wa nyumba wa serikali, na mikopo. Benki itakwambia basi muda wa mkopo utarefuka na riba itaongezeka, ndio, itaongezeka, lakini mtu hawezi kulisha familia na elfu 1 baada ya kodi ya nyumba, na huko ndiko kulikokupeleka kwa apu. Elfu 5 hiyo peke yake ingekuzuia usichukue nusu ya zile.

Haya, kujitangaza mufilisi kwenyewe. Unaenda Mahakama Kuu, nayo Malindi ipo, unapeleka ombi pamoja na maelezo ya mali yako yote, madeni yote na mapato yote. Jaji anaweza kukubali au kukataa, na mtu mwenye mshahara wa kudumu anayeonekana anakimbia tu wadai huwa anaulizwa maswali magumu sana, kuna waliokataliwa. Ukikubaliwa, mali yako inashikwa na msimamizi, isipokuwa vitu vya lazima vya nyumbani na vifaa vya kazi vya kiasi, na wadai wasio na dhamana hawawezi tena kukushtaki mmoja mmoja wala kukutafutia kifungo cha madeni. Mshahara utaendelea kuupokea lakini unaweza kuamriwa utoe sehemu kulipa. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka mitatu, na hiyo miaka mitatu inahesabiwa tangu uwasilishe yale maelezo ya mali, ukichelewa kuyapeleka au yakiwa ya uongo saa haianzi kwenda. Na wadai wanaweza kupinga usiachiliwe.

Sasa tazama mipango yako miwili ya baada ya kuacha kazi. Mjomba wa Shela kwanza. Katika muda wote ambao hujaachiliwa, bila ruhusa ya msimamizi wa ufilisi au ya mahakama, huruhusiwi kuendesha biashara wala kushiriki kuisimamia, na huruhusiwi kuajiriwa na jamaa yako wala na kampuni inayomilikiwa au kuendeshwa na jamaa yako. Umeona? Ile kazi uliyoiona ni ya salama, umeneja kwa mjomba, ndiyo hasa sheria imeiwekea kizuizi, na hii kazi ya watu baki unayotaka kuiacha ndiyo haina kizuizi. Sababu yake yaeleweka, watu walikuwa wakifilisika kwa karatasi kisha biashara inaendelea kwa jina la kaka, mshahara unaandikwa mdogo na pesa inapita mlango wa nyuma. Mjomba wako ana nia safi na waweza kuomba ruhusa ukapewa, lakini usiache kazi ukitegemea ruhusa ambayo hujapata. Na mjomba asije akakuweka mkurugenzi wa kampuni ya gesti kwa kukusaidia, mufilisi kuwa mkurugenzi bila idhini ya mahakama ni kosa.

Doha nako, mufilisi hatoki Kenya bila ruhusa. Usilipe wakala, usikope tena pesa ya tiketi, usipande ndege. Ukitaka kwenda Ghuba nenda kabla hujaingia kwenye mambo haya na uwe umekubaliana na wadai wako jinsi utakavyotuma pesa, au uombe ruhusa ukiwa na kontrakti mkononi. Mimi kwa moyo wangu sikushauri uwaache watoto kwa sababu ya injini ya mashua, lakini hilo ni lako na mkeo.

Na mashua, mwanangu, mashua usiiandikishe kwa shemeji! Hii ndo imenifanya nishike simu usiku huu nikujibu wewe kabla ya wengine. Kuhamisha mali kwa jamaa bure au kwa bei ya chini ukiwa wajua unakwenda kujitangaza mufilisi, msimamizi wa ufilisi anaweza kwenda mahakamani uhamisho huo ukavunjwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Sasa fikiria kazi. Kila mwajiri wa maana anataka cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi. Kufilisika hakuingii kwenye cheti hicho manake si jinai, lakini hukumu ya kuficha mali inaingia. Utakuwa umeokoa mashua mbovu ukapoteza kuajiriwa maisha. Vilevile usimlipe ndugu deni lake kwa siri ukawaacha wengine, wadai wote waandikwe, wa benki, wa SACCO, wa apu, na ndugu wa damu. Kama mashua iliwekwa dhamana ya ule mkopo wa benki basi benki ina haki nayo hata ukifilisika, kwa hivyo waambie wao wenyewe kuwa wataka kuiuza, muuze kwa bei ya soko na risiti, hata injini mbovu ina mtu wa kuinunua vipuri.

Kazi ya kaunti. Hapo CRB na ufilisi ni vitu viwili na watu wanavichanganya. CRB ni rekodi ya mikopo, na wewe ukiwa hujalipa apu nne yawezekana sana umeshaandikwa vibaya tayari bila kwenda korti yoyote. Sheria inakupa ripoti moja bure kila mwaka, iombe uone imeandikwa nini, mara nyingine wanaandika deni ulilolipa au namba isiyo yako na una haki ya kupinga. Rekodi mbaya inaweza kubaki hadi miaka 5 hata baada ya kumaliza deni, lakini itaonyesha kuwa umelipa, na kwa anayeajiri hiyo ni tofauti kubwa na deni lililo wazi. Kazi za serikali wanataka karatasi nyingi, za KRA ya kodi, HELB ya mikopo ya wanafunzi, EACC ya kupambana na ufisadi, DCI na CRB, na kazi ya mapato nakuambia ukweli bodi itajiuliza mara mbili juu ya mtu mwenye deni wazi. Usiitegemee kwa sasa, ukiitwa nenda na barua ya makubaliano ya kulipa. Lakini usiache kazi ya mkononi kwa ajili yake.

Kuna wengine watasoma hapa na hali zao si kama yako kwa hivyo niseme kidogo. Ukiwa mufilisi ambaye hajaachiliwa huwezi kugombea ubunge wala udiwani wa kaunti, Katiba imesema wazi kifungu cha 99 na cha 193, kwa hivyo vijana mnaojipanga kwa huo udiwani (MCA) 2027 na mna madeni ya kampeni ya zamani muangalie. Jaji na kamishna wa tume huru wanaweza kuondolewa kwa kufilisika. Wakili cheti chake cha kufanya kazi kinasimamishwa. Mwalimu, nesi, dereva, mpishi, keshia, hakuna sheria kama hiyo juu yenu, ni kontrakti yako tu.

Turudi kwako. Kabla ya ufilisi kamili sheria hiyo hiyo ya 2015 ina milango midogo na mimi naona wewe ni mtu wa milango hiyo. Kuna makubaliano na wadai, ambapo unaweka pendekezo mbele yao kupitia mtaalamu aliyesajiliwa, unasema nitalipa kiasi hiki kwa miaka hii, wakipiga kura wakakubali kwa wingi unaotakiwa, wote wanafungwa nalo hata yule aliyekataa. Kuna amri ya kulipa kwa mafungu inayotolewa na Mpokeaji Rasmi, yule afisa wa serikali aliye chini ya idara ya kusajili biashara, hii ni ya watu wenye madeni madogo kwa hivyo uliza kama jumla yako inaingia. Na kuna ile ya wasio na mali kabisa, hiyo si yako, wewe una mshahara. Katika hiyo miwili ya kwanza hutangazwi mufilisi, kwa hivyo yale mambo ya mjomba, Doha na ukurugenzi hayakukamati namna ile, na HR wako anaona mtu aliye na mpango.

Usiende peke yako. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na wanasaidia wasio na uwezo, na kuna huduma ya serikali ya msaada wa kisheria tangu sheria yake ya 2016. Usimlipe mtu wa pale nje ya korti anayesema atakufutia madeni kwa elfu 10.

Sasa wale wenzako watatu. Hapa ndipo naona jambo lako linaweza kuharibika kazini kuliko mahali popote, na kwenye barua umelitaja mwishoni kwa mstari mmoja tu. Ukitangazwa mufilisi, deni la SACCO linatoka kwako lakini wadhamini hawatoki. SACCO itageukia akiba zao, watakatwa wao kila mwezi, na hao ndo watu unaokula nao mchana kwenye kantini. Mwajiri hatakufuta kwa ajili ya ufilisi, lakini utakaaje hapo mtu wa jikoni, wa laundri na wa geti wakikatwa elfu 3 kila mwezi kwa sababu yako? Wengi huacha kazi kwa hilo, hawafukuzwi. Kwa hivyo waite kabla hujapeleka karatasi yoyote, waeleze yote, waonyeshe peislipu, na katika mpango wowote utakaotengeneza hakikisha deni la SACCO linaendelea kulipwa kiasi fulani. Nenda nao ofisi ya SACCO muombe mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi, mkiwa wanne pamoja mtasikizwa. Ni sababu nyingine kubwa ya kuchagua makubaliano badala ya ufilisi.

Na mkeo umwambie leo usiku, madeni yote, na zile apu nne kwa majina yake. Atakasirika, ana haki. Lakini korti itataka kujua matumizi ya nyumba na yeye ndo anayajua, na meseji za hao watu zitamfikia tu. Na aibu unayoiona ipunguze mwanangu, dini yetu imemwambia mdai ampe muda mwenye dhiki, na wenye madeni wametajwa katika makundi manane ya wanaopewa zaka, kwa hivyo hata imamu wako ukimwendea hujaenda kuombaomba, umeenda panapostahili.

Wiki hii kusanya peislipu za miezi 6, kontrakti, statementi za benki na M-Pesa, karatasi za mkopo wa benki na SACCO, picha za deni la kila apu, na karatasi za mashua. Barua ya thuluthi mbili kwa HR iende kwanza, Jumatatu. Wakikujibu vibaya au wakikuita kikao chochote usitie sahihi kitu hapo hapo, omba nakala, omba muda, nenda na mwenzako, na unitumie nilione kabla hujajibu.

Shangazi